Julie Mehretu: kusoma mchoro kuanzia tabaka la chini

Swali la kwanza mbele ya mchoro wa Julie Mehretu huwa lile lile: hii ni picha ya nini? Ni swali la haki, wala halina ushamba wowote. Tatizo ni kwamba jibu lake limefunikwa. Chini ya mistari ile inayokimbia kila upande kuna ramani, michoro ya majengo na picha za magazetini, na mchoraji mwenyewe amezizika makusudi, moja juu ya nyingine, akiacha vipande vichache vichungulie. Anayetaka kumwelewa inabidi aanzie chini, kama fundi anayekagua nyumba kwa kuuliza kwanza habari za msingi.

Neno "dhahania", ambalo michoro yake huitwa kwalo, nalo limewapotosha wengi. Linatufanya tudhani kwamba mchoraji ameipa dunia kisogo, akajifungia chumbani na rangi zake. Kwa Mehretu dunia imo tele: viwanja vya mpira, benki, ofisi za serikali, miji iliyoandamana, vijiji vilivyochomwa moto. Kilichoondolewa ni lile umbo ambalo jicho hulitambua mara moja na kuondoka nalo.

Alizaliwa Addis Ababa mwaka 1970. Baba yake, Mhabeshi, ni mwanajiografia aliyefundisha chuo kikuu. Mama yake, Mmarekani, alikuwa mwalimu wa mfumo wa Montessori. Mfalme Haile Selassie aliangushwa mwaka 1974, utawala wa kijeshi wa Derg ukaishika nchi, na mwaka 1977, wakati Ugaidi Mwekundu, kampeni ya Derg ya kuwaua wapinzani, ukimwaga damu mijini, familia ikaondoka. Walitua East Lansing katika jimbo la Michigan, na huko ndiko alikokulia. Alihitimu Kalamazoo College mwaka 1992, baada ya kupitisha sehemu ya masomo yake Dakar katika Chuo Kikuu cha Cheikh Anta Diop. Shahada ya uzamili ya sanaa aliipata mwaka 1997 katika Rhode Island School of Design, akaenda Houston kwa miaka miwili katika programu ya wasanii ya Glassell School of Art, kisha akahamia New York. Mwaka 2000 aliingia Studio Museum in Harlem kama msanii mkazi, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya MacArthur.

Wengi husimama kwenye kazi ya baba na kusema: mtoto wa mwanajiografia, ndiyo maana anachora ramani. Maelezo hayo ni mepesi mno. Alipokuwa mwanafunzi Mehretu alianza na alama ndogondogo za wino: vistari, vidoti, mikunjo, alama kama mishale, alama kama kundi la ndege. Alizichukulia kama viumbe wenye tabia. Aina moja ilihama, nyingine ilijenga makazi, nyingine ilipigana na jirani zake, na yeye akawa anaandika mienendo yao. Ramani na majengo vilikuja baadaye, kwa sababu alama zile zilihitaji mahali pa kuishi. Mpangilio huu una uzito kuliko unavyoonekana. Katika kazi zake jengo ni jukwaa, na alama ndiyo watu. Ukiusoma mchoro ukidhani jengo ndilo mhusika mkuu, umeanza na mguu usio wenyewe.

Turubai linavyotengenezwa

Kazi zake za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi karibu 2012 zina njia moja ya ujenzi, na ukiielewa hiyo nusu ya fumbo imefunguka.

Kwanza ni uso. Turubai la kawaida lina vinyweleo vya uzi; kalamu ya wino ikipita juu yake mstari unarukaruka. Kwa hiyo linapakwa akriliki, kimiminika cha maji kinachokauka kama plastiki, mara nyingi na kupigwa msasa mpaka uso unakuwa laini kama karatasi nzuri ya kuchorea. Juu ya uso huo picha ya mstari, tuseme ramani ya jengo, inamulikwa kwa projekta na kufuatishwa kwa kalamu ya wino, mstari kwa mstari. Ndiyo sababu mistari ile ya chini ina unyoofu wa msanifu majengo: ilitoka kwenye michoro ya wasanifu majengo kweli.

Kisha mchoro wote unapuliziwa akriliki isiyo na rangi iliyochanganywa na unga laini sana wa silika, madini yale yale ya mchanga. Linapokauka, tabaka hilo linapigwa msasa, na mchoraji anaanza upya juu yake: jengo lingine, kutoka mji mwingine, kwa pembe nyingine. Linapuliziwa tena, linasuguliwa tena. Vipande vya rangi kavu, pembetatu, matao, ncha kama za bendera, vinaingia katikati ya matabaka. Alama za mkono, zile zenye tabia, mara nyingi ndizo zinazomalizia juu.

Kila kitu hapo kina sababu. Akriliki inapuliziwa kwa sababu brashi huburuta wino na kuacha michirizi, na michirizi hiyo ingepotosha mistari yote inayokuja juu. Unga wa silika umo kwa sababu akriliki tupu hukauka ikiwa na mng'ao na utelezi. Wino hujikusanya juu yake matonematone kama maji kwenye jani la mgomba. Silika huupa uso ukwaru kidogo, wino ukashika. Msasa nao unarudisha usawa, maana kila tabaka lisilosawazishwa hulirithisha kasoro zake lile linalofuata.

Matokeo yake jicho linaona kina ambacho mkono haukipati. Unene wote wa matabaka ni mdogo sana, lakini mstari wa juu ni mweusi tii, wa katikati umefifia, na wa chini kabisa unaonekana kama upo nyuma ya ukungu. Kwenye vyuo vya Kurani watoto waliandika kwenye ubao, wakauosha kwa maji, wakaandika upya, na baada ya miaka mingi mbao nyingine zilibaki na vivuli vya maandishi ya zamani chini ya mapya. Mehretu anakijenga kivuli cha namna hiyo kwa makusudi, na tofauti yake na ubao ni kwamba kwake hakuna kilichooshwa. Kila andiko bado lipo, limefungiwa ndani.

Mfano mmoja hadi mwisho: Mogamma

Mwaka 2012 alimaliza kazi yenye sehemu nne iitwayo Mogamma, ikaonyeshwa mwaka huo katika maonyesho ya documenta huko Kassel, Ujerumani. Kila sehemu ina kimo cha mita 4.57 na upana wa mita 3.66. Zimetawanyika sasa, Tate ya London ina mojawapo, na nyingine mbili ziko katika makumbusho ya Marekani, Atlanta na Houston.

Jina limetoka kwa Al-Mugamma, jengo kubwa lililokuwa la ofisi za serikali, linalotazamana na uwanja wa Tahrir jijini Cairo. Kwa miongo mingi Wamisri walipanga foleni humo kutafuta hati, vibali na mihuri. Msikilizaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa kuwa mzizi wa neno hilo la Kiarabu anao tayari mdomoni: jamii, jumuiya, mjumuiko, Ijumaa. Al-Mugamma ni mahali pa kukusanyikia. Neno hilo huweza pia kutumika kwa eneo ambalo nyumba za ibada za dini mbalimbali zimekusanyika pamoja. Mwaka 2011 watu waliokusanyika mbele ya jengo hilo waliungana kumwondoa rais.

Sasa anza chini. Mistari ya kwanza ni ya jengo lenyewe na majengo yanayouzunguka uwanja wa Tahrir. Lakini Mehretu hakuishia Cairo. Aliongeza viwanja vingine vya mikusanyiko na maandamano, ukiwemo uwanja wa Meskel wa mji aliozaliwa, Addis Ababa, ulio na ngazi zake pana za nusu duara, na bustani ya Zuccotti ya New York ambako mwaka huo huo wa 2011 watu walipiga kambi kuzipinga benki. Ukisogea karibu unaweza kuushika ukingo wa dirisha moja, ukaufuata, ukagundua kwamba mita moja mbele umeshaingia bara lingine. Ngazi za mji mmoja zinapasua ukuta wa mji mwingine.

Ni hapo maana ya kufunika inapoonekana. Uwanja mmoja ukichorwa vizuri ni taarifa ya mahali. Viwanja vingi vikirundikwa mpaka visitenganishike vinauliza swali ambalo taarifa haiwezi kuliuliza: kwa nini watu wa mbali namna hii walisimama mahali panapofanana, wakati mmoja? Na juu ya majengo hayo yote alama nyeusi za mkono zinazagaa, nyingine zimebanana kama umati, nyingine zinafifia kwa sababu zimefutwa kwa msasa na kuachwa kama moshi. Hakuna uso hata mmoja wa mtu, na bado mchoro umejaa watu.

Kazi iliyotangulia, Stadia II ya mwaka 2004, iliyo Carnegie Museum of Art mjini Pittsburgh, ni rahisi zaidi kuanza nayo. Ina upana wa karibu mita 3.6 na kimo cha karibu mita 2.7. Matabaka ya chini ni michoro ya viwanja vya michezo kutoka nchi mbalimbali, imepindwa mpaka ikawa bakuli moja linalomzunguka mtazamaji. Juu yake zinapepea vipande vya bendera, alama za matangazo, rangi za mataifa bila taifa linalotajwa. Ilichorwa wakati vita vya Iraq vikitangazwa kwenye televisheni kwa shamrashamra zinazofanana na za mechi, na mchoro unaiweka sherehe na fujo kwenye bakuli hilo hilo. Aliyewahi kukaa jukwaani siku ya watani wa jadi anaijua ile dakika ambayo shangwe inakaribia kugeuka kitu kingine.

Pale majengo yalipoondoka

Baada ya Mogamma mstari wa msanifu majengo ulianza kupungua, na kufikia 2016 ulikuwa umeondoka karibu wote. Wapo waliomfuata kwa ajili ya michoro ile mizuri ya majengo, wakahisi wameachwa njiani. Njia mpya inastahili maelezo yake.

Siku hizi tabaka la chini ni picha ya habari. Anachukua picha ya tukio, anaiingiza kwenye kompyuta, anaikata, anaigeuza, pengine juu chini, anaongeza ukali wa rangi, kisha anaitia ukungu mpaka hakuna mtu wala kitu kinachotambulika. Kinachobaki ni mawingu ya rangi na mgawanyo wa mwanga na giza. Ukungu huo unahamishiwa kwenye turubai kwa brashi ya hewa, kifaa kidogo cha kupulizia rangi. Juu yake zinakuja alama za wino na za brashi, ufutaji wa msasa, na mara nyingi uchapaji wa skrini, ule ule unaotumika kuchapa fulana, ukiacha vidoti na vipande vya mistari vinavyofanana na picha iliyoharibika kwenye simu.

Conjured Parts (eye), Ferguson ya mwaka 2016 imeanzia kwenye picha ya mtu asiye na silaha aliyeinua mikono mbele ya polisi wa kutuliza ghasia, katika mji wa Ferguson, baada ya polisi kumuua kijana Michael Brown mwaka 2014. Haka (and Riot) ya mwaka 2019 imeanzia kwenye picha za vituo ambako watoto wa wahamiaji walizuiliwa nchini Marekani. Hineni (E. 3:4) ya mwaka 2018, iliyo Centre Pompidou mjini Paris, imeanzia kwenye picha za moto: misitu ya California iliyowaka mwaka 2017, na vijiji vya Warohingya vilivyoteketezwa Myanmar. Jina lake ni Kiebrania, jibu la Musa pale alipoitwa kutoka kwenye kijiti kinachowaka, Kutoka sura ya 3 mstari wa 4. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalijua: "Mimi hapa."

Pingamizi dhidi ya njia hii lina nguvu, na ni vyema lisikwepwe. Ikiwa hakuna awezaye kuiona picha ya asili, kuna faida gani kuwa nayo? Si angechora mawingu ya rangi tu, akaandika jina zito? Jibu lipo kwenye namna ukungu unavyofanya kazi. Picha ikitiwa ukungu hupoteza watu na vitu, lakini hubaki na mahali mwanga ulipotoka, uzito ulipolalia, na rangi za tukio. Moto hubaki na chungwa lake na giza linaloukandamiza kutoka juu. Hakuna mchoraji anayebuni mgawanyo huo kirahisi. Mkono uliozoea hurudia mazoea yake. Picha ya habari inamlazimisha Mehretu aanze na muundo ambao hakuuchagua, na alama zake zinakuja juu kuujibu. Mbele ya Hineni hilo linahisika hata kwa asiyejua lolote kuhusu California wala Warohingya: kitu kinawaka nyuma ya pazia, na alama nyeusi mbele yake hazina pa kukimbilia. Kwenye baadhi ya kazi nyingine za miaka hiyo jina linabeba mzigo ambao turubai halijausaidia kuubeba, na mtazamaji ana haki ya kulisema hilo.

Ukubwa, mikono na fedha

Picha za simu haziwezi kueleza ukubwa wa kazi hizi. Mural, iliyokamilika mwaka 2009, ipo kwenye ukumbi wa kuingilia wa makao makuu ya benki ya Goldman Sachs jijini New York, na wapita njia huiona kupitia vioo. Ina urefu wa mita 24 na kimo cha mita 7. Matabaka yake yamekusanya ramani, njia za biashara na sura za mbele za majengo ya fedha na masoko ya zamani. Malipo yalikuwa dola milioni 5, na sehemu kubwa iliishia kwenye utengenezaji, zikiwemo karakana na mishahara ya wasaidizi waliofikia 30. Ilikamilika mwaka mmoja baada ya mtikisiko wa benki, na mjadala wa kama msanii wa aina yake alipaswa kuikubali kazi hiyo haujaisha.

Mradi wa HOWL, eon (I, II), wa makumbusho ya sanaa ya kisasa ya San Francisco, ulikuwa mkubwa zaidi kwa kimo: maturubai mawili, kila moja karibu mita 8.2 kwa 9.8. Hakuna karakana ya kawaida inayoyatosha. Yalichorwa ndani ya kanisa lisilotumika tena kwa ibada huko Harlem, mchoraji akipandishwa na mashine ya kuinulia watu. Chini kuna mandhari za Marekani za wachoraji wa karne ya 19 zilizochanganywa na picha za ghasia za mitaani za siku zetu.

Kuhusu wasaidizi, watu huuliza: basi nani mchoraji? Kufuatisha mistari ya projekta, kupulizia na kupiga msasa ni kazi ya ustadi inayoweza kugawanywa, kama ilivyogawanywa katika karakana kubwa za uchoraji na uchongaji tangu zamani. Alama za mkono, zile zinazoamua mchoro uelekee wapi, ni zake. Ukisimama karibu unaona tofauti: mstari wa jengo ni mtulivu na unene wake haubadiliki, alama ya Mehretu huanza nene, hukonda, hujikunja, hukatika.

Kwa upande wa mnada, mchoro wake wa mwaka 2008, Walkers With the Dawn and Morning, uliuzwa na Sotheby's mjini New York mwezi Novemba 2023 kwa dola milioni 10.7, bei iliyokuwa ya juu kuliko zote wakati huo kwa msanii aliyezaliwa Afrika. Bei ya mnada huenda kwa mmiliki anayeuza, jambo linalosahaulika vichwa vya habari vinapoandikwa. Mwaka 2024 yeye mwenyewe alitoa zaidi ya dola milioni 2 ili vijana wa miaka 25 na chini waingie bure makumbusho ya sanaa ya Whitney, New York.

Miaka ya karibuni ameanza kuchora kwenye wavu mwembamba wa poliesta unaopitisha mwanga, kazi anazoziita TRANSpaintings, zikisimamishwa katikati ya chumba kwenye vishikio vya mchongaji Nairy Baghramian. Zilionekana Palazzo Grassi, Venice, mwaka 2024. Unaizunguka kazi na kuiona kwa nyuma, na mtu anayepita upande wa pili anakuwa kivuli ndani ya mchoro. Kwa Obama Presidential Center ya Chicago amebuni dirisha la kioo cha rangi lenye kimo cha mita 25. Mantiki ni ile ile ya matabaka, ila sasa mwanga unapita ndani yake badala ya kurudi.

Kuziangalia kwa simu

Wengi wetu tutaziona kazi hizi kwenye skrini. Picha ndogo ya mitandaoni inaua jambo moja mahususi: mistari myembamba ya matabaka ya chini huyeyuka kuwa kijivu, ukabaki na alama za juu tu, na mchoro ukaonekana kama vurugu. Tafuta picha kwenye tovuti ya makumbusho yenye kazi hiyo, ile inayokubali kukuzwa. Soma vipimo kwanza. Mita 4.57 ni kimo cha karibu watu watatu waliosimamiana mabegani. Kisha kuza kona moja, chagua mstari mmoja ulionyooka, ufuate mpaka upotee, uone kimeupoteza nini: rangi, alama, au msasa. Rudia kwa mistari mitatu au minne. Dakika kumi za kazi hiyo hufundisha kuliko kurasa nyingi za sifa.

Kujaribu njia ya matabaka kwa kipimo kidogo

Njia bora kabisa ya kuelewa ni kutengeneza kipande kimoja. Hatua hizi zimepunguzwa na kurekebishwa kwa vifaa vinavyopatikana. Hazidai kuwa ndizo zake neno kwa neno.

Tumia ubao wa plaiwudi wa sentimita 60 kwa 60, unene wa milimita 9 au 12. Turubai linanesa chini ya msasa na anayeanza hulitoboa au kuchubua fremu inapokutana nalo. Paka rangi ya msingi nyeupe ya akriliki mara nne, kila mkono (yaani kila mpako mmoja) ukikatiza ule uliotangulia, na upande wa nyuma angalau mara mbili. Nyuma ikiachwa tupu, ubao unapinda. Piga msasa namba 220, kisha 400, mpaka kiganja hakihisi tena michirizi ya brashi.

Bila projekta, hamisha mchoro wa jengo kwa karatasi ya kupitishia mwanga iliyosuguliwa penseli kwa nyuma. Karatasi ya kaboni iepuke, ina nta, na akriliki haishiki vizuri juu ya nta. Wino uwe wa rangi ya unga usioyeyuka ukishakauka. Ujaribu kwanza: chora mstari pembeni, subiri saa moja, pitisha kidole chenye maji. Ukichafuka hata kidogo, utaenea chini ya akriliki yote. Kalamu za bolpeni na makapeni zisizofutika ndizo zinazoharibu kazi nyingi, kwa sababu rangi yake huendelea kupenya tabaka hadi tabaka hata baada ya wiki, na juani hufifia.

Kwa tabaka la kufunika, tumia akriliki angavu isiyo na mng'ao. Hiyo tayari ina unga wa kuondoa mng'ao ndani yake, hivyo huna haja ya kushika silika kavu, ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Ubao huu unahitaji takriban mililita 40 hadi 50 kwa mkono mmoja. Ipulizie, au ipake kwa brashi pana laini kwa mkupuo mmoja bila kurudia njia. Mikono mitatu hadi minne myembamba, kila mmoja ukikauka saa moja hadi mbili, ndipo uache siku nzima kabla ya msasa. Msasa wa tabaka hili uwe namba 400 kisha 600, ukilowanishwa maji kidogo, mkono mwepesi. Hata ukisugua kwa maji, vaa barakoa wakati wa kufuta uchafu uliokauka.

Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Zanzibar, hasa wakati wa masika, tatizo kubwa ni ukungu mweupe ndani ya tabaka. Akriliki ikiwa mbichi ni kama maziwa. Huwa angavu maji yanapotoka yote. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, au mkono ukiwa mnene, uso hufunga kabla maji ya ndani hayajatoka. Ukipaka tena juu, umeufungia ukungu humo. Dawa ni kusubiri siku mbili tatu kila tabaka, na feni iwe inapuliza chumbani, isielekezwe kwenye ubao kwani italeta vumbi. Penye baridi kali ya milimani tatizo ni jingine: chini ya nyuzi 10 hivi akriliki haishikamani kuwa ngozi moja, inabaki na nyufa ndogo.

Gundi nyeupe ya mbao haifai badala ya akriliki, ingawa ikikauka hufanana nayo. Ikipata maji ya msasa inalainika na kuvutika. Vanishi ya mafuta ya samani nayo hugeuka njano, na tabaka tatu za njano huua kijivu chote cha mistari ya chini.

Makosa mengine mawili ni ya uamuzi kuliko ufundi. La kwanza ni kuchora kila tabaka kwa ukamilifu, likajaa kingo hadi kingo. Baada ya matatu unapata uji wa kijivu. Acha theluthi ya kila tabaka tupu, sehemu tofauti kila mara, ili la chini lipate dirisha. La pili ni kuogopa msasa. Alama iliyofutwa nusu ina thamani yake. Ile inayobaki kama vumbi ndiyo inayoiambia ya juu yake kwamba mahali hapo palikuwa na mtu. Ukifuta kupita kiasi mpaka weupe wa msingi unatokea, usizibe kwa rangi. Funika tu na akriliki, uendelee. Shimo hilo litakuwa sehemu ya kina.

Piga picha ya kila tabaka kabla ya kulifunika, ukiwa na mwanga wa ubavuni. Baada ya tabaka la tano hutakumbuka ni jengo gani liko chini ya lipi. Ubao uliokwisha usiulaze uso kwa uso na mwingine, wala usiufunge kwa nailoni: akriliki hubaki na unatonato kwenye joto, na itanyofoka na kila kilichoigusa. Usimamishe wima, ukiachana na ukuta kidogo, kwa wiki mbili au tatu.